Ndege wa Mama Mudogo

Juzi, hapa Goma, nilimuona binti mumoja ametundika ukutani blanketi la vipande vya vitenge, amelichapa maua kwa mukono. Watu walipiga foto. Nilicheka. Mama yangu aliifanya kazi ile kambini, bila masomo; hata mimi sikusoma.

Tulikuwa tumekimbia vita Rutshuru, na mama mudogo Furaha, mudogo wake Mama, alikuwa amepotelea njiani. Mama alikata kitenge chake cha harusi, akashona vipande, akachonga kwenye kiazi ndege ambaye Furaha alizoea kuchonga, akachapa kwa rangi ya makaa. Blanketi lilinuka moshi. Akalitundika kando ya barabara, siku nyingi. Mimi nilifikiri linakataa kukauka, basi alasiri moja mvua ilipoanza nikaliingiza ndani mbio.

“We mutoto, rudisha!” Mama alipiga kelele. “Furaha akipita atatujuaje?”

Tukalitundika tena, mvua ikitupiga, rangi ikichuruzika. Mvua haijakatika, mwanamke mwembamba akasimama pale, akagusa ndege mumoja.

“Yaya,” akamuita Mama, dada yake mukubwa, “mukia wa ndege yangu umeupeleka wapi?”

La yule binti ni zuri, sikatai. La Mama lilirudisha mutu.