Namba ya Baba

Juzi niliona mashindano ya vishale kwenye televisheni, nikakumbuka alasiri moja ukumbini Kitale. Baba alitoka Bungoma kuchezea timu ya makarani, akatuchukua mama na mimi, nikiwa bado mdogo. Ukumbi ulinuka chaki na tumbaku. Kila kishale chake kilipogonga ubao, mwenye chaki, aliyeandika alama, alifuta namba ya baba akaandika ndogo zaidi. Nilijua kwamba nyumbani, nafaka ikipungua ghalani, njaa ilikuwa karibu. Nikaanza kulia.

“Mama, baba anaisha!”

“Nyamaza! Ati anaisha? Si anashinda!”

Sikumwamini. Leo najua bingwa ni anayetangulia kufika sifuri. Siku ile namba ilifutwa yote, watu wakamkumbatia baba, nikadhani wanampa pole. Jioni, kwa kuwa hakubaki na kitu, nilimsogezea kipande changu cha kuku. Akakila chote, akicheka.