Ndoo ya Bi Mwanakheir

Maji ya bamvua yakishapwa, pwani ya Bwejuu hubaki wazi kama nyumba ambayo mwenyewe ametoka bila kufunga mlango. Mchanga, majani, vijiti vya mashamba ya mwani, na mbali kabisa mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjikia mwambani. Hapo ndipo wageni huteremka, suruali zimekunjwa, viatu vya raba miguuni. Bi Mwanakheir huwa ameshafika, na ndoo yake ya plastiki na mti wa kuchokolea pweza.

Kazi ya kutembeza watu hakufundishwa. Utotoni alikwenda mwambani kwa pweza, nyuma ya mama yake. Alipokuwa mkubwa akalima mwani. Kisha mgeni mmoja akaomba amfuate ili aone anachokiona yeye, na aliporudi hakuacha kusimulia. Sasa wanakuja waliokwishatazama kima punju kwenye msitu wa Jozani, na waliochoshwa na vichochoro vya Mji Mkongwe, na yeye huwaonyesha kiti cha pweza chenye mikono mitano, majongoo ya bahari yaliyolala kama wavivu, vidimbwi ambamo visamaki vidogo vinangoja maji yarudi kuvifungulia. Wanaotaka kuogelea huvaa miwani ya maji wakaingia kwenye kina cha ukingoni. Wengi hunyamaza wakitazama. Ukimya huo ndio aupendao katika kazi hii.

Mwenzake kazini ni wifi yake, Amne, mke wa kaka yake Simai. Amne ni mtoto wa mjini, mzaliwa wa Amani, babu yake alitoka bara. Alikuja Bwejuu na ulimi mwepesi, na hakuna siku unapopumzika. Siku ya harusi yake, Mwanakheir alishikishwa ngoma kwa heshima ya dada wa bwana harusi, akaivuruga hata waliokuwa wakicheza wakasimama wakatazamana. Amne hajamsamehe.

"Wifi, mikono hiyo Mungu kakupa ya pweza," humwambia. "Ngoma waachie wenye masikio."

Siku za mwanzo Mwanakheir alimpa sharti moja, lile alilopewa na mama yake: mwambani mtu haitwi jina. Mwamba una wenyewe, na wenyewe husikiliza. Ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, usiitike. Anayemtaka mwenzake hupunga kanga.

Amne alicheka mpaka akakaa chini. "Kwa hiyo nikizama nifanyeje? Niwapelekee barua?"

"Upunge kanga."

"Nazama huku napunga! Mambo yenu ya shamba haya."

Asubuhi moja ya mvua za vuli waligawana wageni. Mwanakheir alichukua familia yenye watoto, akabaki nao kwenye vidimbwi vya karibu. Amne alikwenda ukingoni na maharusi kutoka Mbeya, kwani bibi harusi hakuwa amewahi kuiona bahari na alitaka kuogelea na samaki kabla ya kurudi kwao.

"Mshike mkono mkeo, bwana," Amne aliwaambia wakiondoka. "Huku kuna pweza wana mikono minane, watakupokonya."

Mvua ilitoka baharini bila kuaga. Mwanakheir aliliona wingu likigusa maji, na papo hapo aliikusanya familia, akawafikisha kwenye safu ya vijiti vya mwani na kuwaambia wavifuate mpaka mchangani. Alipogeuka, mwamba haukuwapo. Weupe mtupu, mbele na pande zote.

Bahari ya pale ina hila moja ambayo mgeni haijui. Maji hayakujii kwa mbele. Hupita mlango wa mwamba, yakazunguka, yakajaza kwanza mkondo ulioko kati yako na pwani, nawe ukingoni bado unakanyaga pakavu. Unapogeuka kurudi, nyuma yako kuna mto. Amne aliyajua hayo. Lakini kwenye weupe ule hata mwenyeji hajui nyuma ni wapi, na Amne, kama wanawake wengi wanaochuma baharini, hakujua kuogelea.

Mwanakheir alirudi hadi kwenye mkondo, akasimama upande wa pwani. Maji yalimfika magotini. Alivua kanga ya begani akaipunga, akijua kwamba hata yeye haioni ncha yake. Maji yakapanda mapajani. Alimfikiria Simai, aliyekuwa mjini na asiyejua lolote. Angemwambia kwa mdomo gani?

Ndipo alipofanya lile ambalo hakuwa amelifanya tangu azaliwe.

"Amneee!"

Mvua tu.

"Amne! Weee Amneee!"

Sauti yake ilimwogopesha mwenyewe, ilivyokwenda peke yake na isirudi na kitu. Akaita tena, na tena, na kila alipoita ule ukimya wa mwambani aliozoea kuupenda ulimjia kama jibu baya.

Ndoo ilikuwa ikimgonga pajani. Aliigeuza, akaikumbatia kifuani, akaanza kuipiga kwa mti. Hakuchagua mapigo. Yaliyomjia mkononi yalikuwa ya ile ngoma ya harusi, na alipofika pale alipokosea siku ile, akakosea tena. Alianza upya. Akakosea palepale.

Kutoka kushoto, karibu kuliko alivyodhani, kikapanda kigelegele.

Akapiga kwa nguvu zaidi, vibaya zaidi. Kigelegele kikajibu. Kisha weupe ukatoa watu watatu: Amne mbele, maharusi nyuma yake, wote wameshika kanga moja iliyosokotwa. Mwanakheir aliingia mpaka maji yakamfika kiunoni, akaishika ncha, akawavuta mmoja baada ya mwingine hadi upande wa pwani. Akakaa majini kama mtoto anayeogeshwa.

"Mama, unalia?" aliuliza bibi harusi.

"Mvua, mwanangu."

Walipofika mchangani wingu lilikuwa limepita, jua limetoka kana kwamba halikuhusika. Familia ya watoto ilikuwa imejikusanya chini ya makuti ya banda. Mwanakheir alimshika wifi yake mabegani.

"Nimekuita mpaka koo limenikauka! Hukunisikia?"

"Nlikusikia. Tangu mara ya kwanza."

"Ukanyamaza?"

"Wifi, miaka yote hii sijakusikia ukiita mtu mwambani. Nlipoisikia sauti yako nikajua si wewe. Nikawaambia hawa wasimame, wasitie neno, tusiende kunakoitwa."

Mtu wa mjini, aliyelicheka sharti lile mpaka akakaa chini, ndiye aliyelishika. Na aliyelipokea kwa mama yake ndiye aliyelivunja.

"Na ndoo je? Umejuaje kuwa ni mimi?"

Amne alimtazama, maji yakimchuruzika kwenye nyusi. "Jini gani huyo, wifi, apige ngoma vibaya namna ile?"

Bwana harusi alianza kucheka, mkewe akafuata, na mwishowe Mwanakheir mwenyewe, kicheko cha mtu aliyetua mzigo ambao dakika chache nyuma alijua atakufa nao. Walicheka mpaka watoto wa ile familia wakaja kuuliza kuna nini.

Jioni Mwanakheir alikuwa uani akigeuza mikate ya kumimina. Chai ilikuwa tayari, na Amne alikuwa chumbani akijikausha nywele.

"Amne!"

Kimya.

"Amne, chai inapoa!"

Kimya vilevile, lakini nyuma ya pazia alisikia mtu anajizuia kucheka. Mwanakheir alishusha pumzi. Alichukua mwiko, akavuta sufuria tupu, akagonga mapigo ya harusi, akavuruga palepale.

"Naam, wifi!" sauti ikatoka. "Sasa nakuja."