Kijito Kikinyamaza, Barabara Hufungwa

Jua limeshaanza kuwaka juu ya mabati ya kibanda, lakini ndani bado kuna baridi ya asubuhi, na mwanamke aliyeketi kwenye kigoda hajavua koti. Mlango ameuacha wazi. Hakuufungua ili apate mwanga, bali ili asikie. Mara kwa mara anaacha kuchambua maharage, anainamisha kichwa kidogo, anasikiliza, kisha anaendelea na kazi.

Anachosikiliza ni kijito.

“Sasa hivi kinaongea vizuri,” anasema. “Kama mtu aliyeamka hana deni.”

Kibanda kimejengwa kando ya barabara ya mlimani, karibu kabisa na mahali ambapo kijito kinaikata barabara hiyo. Hapo hakuna daraja. Kuna sakafu ya zege. Maji hupita juu ya zege, na magari hupita ndani ya maji. Watu hupaita Kivukoni. Pembeni imesimikwa nguzo yenye rangi tatu: nyeupe chini, njano katikati, nyekundu juu. Maji yakifika kwenye njano, magari madogo husubiri. Yakifika kwenye nyekundu, yeye hutoka, huvuta mnyororo kutoka upande mmoja wa barabara hadi wa pili, huutia kufuli, na hapo hapiti mtu.

Wasafiri humwita Mama Mnyororo. Kwa majirani yeye ni Mama Pacha, kwa sababu uzazi wake wa kwanza, ambao pia ulikuwa wa mwisho, ulimletea watoto wawili kwa mpigo.

“Nilimaliza kazi siku moja,” anasema bila kucheka.

Kazi ya mnyororo ni ya msimu. Katika miezi ya baridi, theluji hujilimbikiza vileleni na barabara hulala. Machipuko yakiingia, jua la mchana huanza kuiyeyusha, na alasiri mvua hunyesha juu ya theluji ile ile. Maji yote hayo yana njia moja tu ya kuteremkia. Ndipo ofisi ya barabara humwita Mama Pacha, humkabidhi kufuli na redio ya mawasiliano, na kumwajiri hadi majira ya joto. Ujira wake hutosha karo ya pacha mmoja.

“Yule mwingine anasomeshwa na basi,” anaeleza.

Basi analolitaja ni lile linalopita Kivukoni kila siku, likishuka asubuhi na kupanda alasiri. Dereva wake, Baba Pacha, ni mume wake. Kwa hiyo kila machipuko, katika barabara hii, yupo mke mwenye mamlaka ya kumsimamisha mumewe mbele ya watu, na watu hao hawaachi jambo hilo lipite hivi hivi.

“Wanaume wengine wanagombezwa nyumbani tu,” anasema kondakta wa basi, mtu mzima mwenye masihara mengi. “Bosi wangu anagombezwa huku na huku. Hana likizo.”

Nyumbani kwao, nyumba ya vyumba vitatu chini ya mteremko, kanuni ni moja: habari za mnyororo haziletwi mezani. Aliyeitunga ni mama mkwe, mama yake Baba Pacha, ambaye anaishi nao. Machipuko ya kwanza ya kazi hiyo, mume na mke walibishana mezani mpaka mchuzi ukagandia sahanini.

“Nikawaambia, mnyororo wenu ulale huko huko mlimani,” anasema bibi huyo, huku akirekebisha blanketi magotini. “Hapa tunakula. Mke wa mtu akiwa afisa, awe afisa huko.”

Mgeni anayefika Kivukoni hudhani kwamba hatari ni maji kujaa. Mama Pacha hutikisa kichwa. Maji yaliyojaa, anasema, yanajisemea yenyewe. Hata mlevi huyaogopa. Saa mbaya ni ile ambayo maji yamejaa, mvua bado inanyesha, kisha maji yanapungua ghafla.

Mhandisi wa ofisi ya barabara ndiye aliyemfundisha hivyo, alipompitisha katika mafunzo mafupi kabla ya kumpa kazi. Juu ya Kivukoni liko korongo jembamba. Gogo moja likikwama humo, theluji iliyolowa na tope hulijazia, na kijito huzibwa kama chupa. Maji hujikusanya nyuma ya kizibo. Huku chini zege hutokea, jeupe, limeoshwa. Dereva aliyesubiri tangu mchana humshukuru Mungu na kuwasha gari, na anaingia kivukoni wakati ule ule ambao kizibo hakijui kama kitavuja au kitapasuka.

Ndani ya kibanda, kwenye msumari ulio juu ya jiko, unaning'inia ufunguo wa lori. Lori lenyewe halipo. Kabla mnyororo haujawekwa, dereva wa matofali aliona zege limekauka, akaegesha katikati ya kivuko, akazima injini, akashuka na ndoo ili achote maji kidogo yaliyobaki akaoshe magurudumu. Alikuwa amepanda ukingoni kumwaga uchafu wa ndoo aliposikia mlima unakohoa. Alipogeuka, hakuwa na lori. Alikuwa na ndoo, na ufunguo mfukoni. Mama Pacha alipoajiriwa, mtu huyo alikuja na ufunguo huo, akaomba msumari.

“Aliniambia, ‘Dada, mimi nikiuona nyumbani siwezi kula. Kaa nao wewe,’” anakumbuka.

Alasiri ya Jumanne, wiki iliyopita, maji yalifika kwenye rangi nyekundu kabla ya basi kufika. Mnyororo ukavutwa. Basi likaja, likasimama nyuma ya pikapu moja, na hakuna aliyelalamika. Abiria walishuka kujinyoosha. Mfugaji mmoja wa kuku, mwanamke aliyebeba boksi la vifaranga wa siku moja, aliomba kuliweka karibu na jiko la kibandani ili baridi isiwamalize. Akakaribishwa, akapewa na kikombe cha chai.

Kilichomnyima Baba Pacha utulivu siku hiyo hakikuwa maji. Mwenye basi alikuwa amempigia simu. Abiria walikuwa wakihamia kwenye magari yanayozunguka njia ndefu ya bondeni, ambayo ni ya uhakika. Basi likichelewa mara moja zaidi, alisema, atalikabidhi kwa dereva mwingine. Mkewe alilijua hilo. Walikuwa wamelizungumza, si mezani, bali uani, wakianua nguo.

Kisha, mvua ikiendelea kunyesha, maji yakashuka. Njano ikaonekana, nyeupe ikaonekana, na punde zege lote likawa wazi. Mwenye pikapu akapiga honi ya furaha. Kondakta akapiga mkono ubavuni mwa basi: “Abiria wa basi, ndani. Maji yamekwisha.”

Mama Pacha alikuwa ameshasimama.

“Nilisikia vifaranga,” anaeleza. “Tangu waletwe sikuwasikia hata mara moja, kelele za kijito zilikuwa zimewameza. Ghafla nikawasikia wote. Ungeweza kumjua huyu na yule. Nikasema, basi, kimenyamaza.”

Alitoka, akasimama mbele ya mnyororo, mikono kwenye mifuko ya koti. Kondakta akamjia kwa upole wa mtu anayeomba mkopo.

“Shemeji, tufungulie. Zege lile pale, hata soksi hailowi.”

“Naliona.”

“Sasa?”

“Kijito kimenyamaza.”

“Si ndiyo raha yetu, kikinyamaza?”

“Wewe una watoto,” Mama Pacha alimwambia. “Mtoto yuko macho chumba cha pili, ghafla kimya. Unafurahi, au unaenda kuangalia?”

Mfugaji wa kuku alicheka mpaka chai ikamwagika. Wengine hawakucheka. Abiria mmoja, aliyevaa koti refu la mvua, alimgeukia dereva aliyekuwa bado ameshika usukani, injini ikinguruma.

“Dereva, huyu si mkeo? Zungumza naye. Au hata nyumbani unalala nje?”

Hapo macho yote yalihamia kwa Baba Pacha. Mkewe peke yake hakumtazama; alielekeza uso korongoni.

“Nilimshukuru kwa hilo,” anasema Baba Pacha. “Angeniangalia, ningeyumba. Nikatazama kioo cha ndani. Nikaona viti vyangu, nikaona mwamvuli wa mtu umesahaulika pale nyuma. Nikajiambia, wenye viti hivi wamekuja kwa miguu yao, warudi kwa miguu yao.”

Alizima injini. Akashuka, akawapita abiria, akaingia kibandani, na akautundika ufunguo wa basi kwenye msumari, juu ya ule wa lori. Alipotoka, alisema kwa sauti ya kawaida:

“Mwenye haraka, ufunguo uko ndani. Amwombe mwenye nyumba.”

Kisha akarudi ndani, akaketi kwenye benchi kando ya boksi la vifaranga, na akajimiminia chai.

“Machipuko yale ya kwanza alininunia mpaka nguo nikamfulia peke yake, nisichanganye na zetu,” anasema Mama Pacha. “Safari hii hakuniuliza kitu. Nilitaka kumshukuru, lakini pale palikuwa na watu.”

Walisubiri. Msomaji anayetarajia kwamba sasa mlima uliporomoka na wote wakapiga magoti, hilo halikutokea. Maji yalirudi kabla ya jioni, mazito, yenye rangi ya chai ya maziwa, yakibeba matawi na mabonge ya theluji. Yalipanda hadi nyekundu bila ghadhabu yoyote, yakakaa hapo, kisha yakashuka polepole kama inavyotakiwa. Kijito kikarudia sauti yake. Mnyororo ulifunguliwa giza likiingia.

“Tumekaa bure,” alisema mwenye koti la mvua wakati wa kupanda.

“Ndiyo, baba,” Mama Pacha alimjibu. “Karibu tena.”

Kesho yake watu wawili wa ofisi ya barabara walipanda korongoni. Walikuta gogo limekwama, na nyuma yake lundo la tope na theluji. Maji yalikuwa yamejichimbia tundu chini yake. Kizibo kilivuja, hakikupasuka. Mhandisi aliyezungumza na gazeti hili kwa simu hakutaka kutia chumvi.

“Ningekuwa pale ningefunga kama yeye,” alisema. “Lakini siwezi kuapa kwamba kingepasuka. Kazi hii haina hakika hiyo. Siku nyingi unafunga, na hakuna kinachotokea, na watu wanakuchoka.”

Mwenye basi naye alitimiza alilosema. Tangu Ijumaa Baba Pacha anaendesha basi dogo, kuukuu, la safari fupi za bondeni, na robo ya mshahara wake imekatika. Pacha wa pili ameshaambiwa kwamba karo yake italipwa kwa mafungu. Mama mkwe, ambaye kanuni yake haijavunjwa, aliulizia habari hizo uani.

Kabla ya kukabidhi basi kubwa, Baba Pacha alilizunguka pamoja na dereva mpya na kumwonyesha tabia zake. Breki ya mkono huvutwa mara mbili. Mlango wa nyuma husukumwa kwa goti. “Na ukifika Kivukoni ukaona zege limekauka ghafla,” alimwambia, “usibishane na mtu. Zima, peleka ufunguo kwenye msumari. Chai ipo.”

Jumamosi dereva huyo alipita kwa mara ya kwanza. Maji yalikuwa chini ya njano, barabara wazi, hakuwa na sababu ya kusimama. Alisimama hata hivyo. Aliingia kibandani kusalimia, na Mama Pacha akaona macho yake yakipanda ukutani, yakitafuta.

“Nikamwambia, leo kinaongea, mwanangu. Pita.”

Pande zote mbili za kivuko sasa kuna vigingi vyenye vichwa vyekundu. Ni alama za daraja, refu na la juu, ambalo ofisi ya barabara inatarajia kulijenga kabla ya machipuko yajayo, fedha zikipatikana. Daraja likisimama, mnyororo utakuwa hauna kazi, na mwenye mnyororo vile vile. Mama Pacha amelipigia hesabu jambo hilo na limemkalia vizuri. Mnyororo ataomba apewe, afungie mbuzi. Kisha ataanza kufuga kuku. Mfugaji wa siku ile ameahidi kumuuzia boksi la kwanza kwa bei ya ndugu.

Lakini kuna jambo jingine analolitaka, na analisema akiwa amerudi kwenye maharage yake, jicho likiwa mlangoni. Nyumba yao na kibanda viko upande mmoja wa kijito. Miaka yote hii, machipuko yakifika, yeye huvusha watu. Mwenyewe hajawahi kuvuka.

“Nitawafuata vifaranga wangu kwa basi,” anasema. “Lile kubwa, mume wangu akiwa amerudishiwa. Nikae kiti cha mbele.”

“Na nauli utalipa,” anasema Baba Pacha, aliyepita kumletea mkaa kabla ya zamu yake ya bondeni.

“Nitalipa. Ila daraja likifika, usisimame. Nitafungua dirisha, boksi nimelipakata mapajani.” Anainamisha kichwa, anasikiliza nje, kisha anaokota punje nyingine. “Nataka nipite pale juu kijito kikiongea, nisimsikie kifaranga hata mmoja.”