Mdogo wangu atapanda ndege na vidonge vilivyoniponza

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mkimbizi kutoka Uvira, fundi wa kushona hapa kambi ya Dzaleka, Malawi. Ukikutana na shingo ya kitenge iliyoenda upande, huenda ni kazi yangu.

Hedhi ilipokoma, joto likanivamia. Kanisani nilijipepea na kitabu cha nyimbo hadi mchungaji akadhani Roho amenishukia. Kliniki moja ya Lilongwe ikanipa vidonge vya homoni. Nikapata nafuu, nikampeleka na mdogo wangu. Tukacheka kwamba tumerudi usichana.

Kisha mguu wangu wa kushoto ukavimba. Mume wangu akauliza, "Na ule mwingine utanenepa lini?" Utani ulimwisha nilipokosa pumzi. Hospitalini daktari alisema damu yangu huganda upesi, ni ya kurithi, na vidonge viliichochea. Bonge la damu lilitoka mguuni likapanda kwenye pafu. "Ndugu zako wapimwe, na wasimeze hivi vidonge kabla." Nikamkumbuka mama. Alikufa na mguu kama huo, sisi tukasema amekanyaga dawa ya jirani. Jirani tulimfukuza.

Sasa mdogo wangu na familia yake wamekubaliwa kwenda Amerika, wanangoja ndege tu. Daktari alisema hata kukaa kitako safari ndefu ni hatari kwa damu kama yetu. Nikaenda kumwambia.

"Yaya, nyamaza," akaniambia mimi dada yake mkubwa. "Badokta ba kupima batu ba safari bakisikia iko ugonjwa mu ukoo, batatukata. Mi sitabakia hapa juu ya mguu yako."

"Basi acha vidonge tu."

"Nikiacha silale. Ni we njo ulinipeleka kule kliniki. Sasa kwa sababu jina yako haijatoka mu liste ya Amerika, unataka na yetu irudi."

Hilo la wivu limenichoma kuliko sindano zote za hospitali. Tangu siku hiyo hanisalimii. Lakini kitenge cha gauni la safari amenitumia nishone, maana fundi mwingine angemlipisha.

Nikienda kusema kwa hao madaktari wa safari, labda watawazuia kweli, na watoto wake watanilaani. Nikinyamaza, labda nitasikia habari yake kwa simu. Msiniambie nipige magoti niombe. Mguu wenyewe mnaujua.

Gauni limebaki pindo tu, na shingo safari hii imenyooka. Nishaurini, ndugu zangu: nimalize pindo, au niende kusema?