Benta na mke mwenza wa mbao

Jua limepanda kiasi cha mtu kuona rangi ya maji, na maji ya Asembo leo ni ya kijivu. Benta Oketch amekaa nyuma ya mashua, kafi iko mapajani. Hapigi. Anatazama mgongo wa mume wake.

Mume huyo, Absalom, amekaa mbele akiwa ameshika mshipi. Vidole viwili amevifunga vipande vya tyubu ya baiskeli ili usimkate. Huko chini, mumi, kambare mdogo aliye hai, anaogelea na ndoano mgongoni. Ndiye chambo. Anayetafutwa ni mbuta, sangara mkubwa wa ziwa hili.

Bega la kushoto la Absalom linainuka kidogo. Benta anatumbukiza kafi majini na mashua inageuka polepole, mpaka pua yake inaelekea upande ule mshipi unakoenda. Halafu wanangoja tena. Bega linashuka.

"Ameonja akaacha," Absalom anasema bila kugeuka.

"Hajashiba," Benta anajibu. "Atarudi."

Hawako mbali na mawe ya ufuo, na sauti husafiri vizuri juu ya maji. Lornah, jirani yao anayekaanga samaki hapo bichi, yaani ufuoni wanakoshushia samaki, anasimama kando ya karai lake na kupaza sauti: "Mama Agneta! Nyieka wako ameamkaje?"

"Ameamka vizuri kukushinda wewe!" Benta anamrudishia. Wanawake walio kwenye moto wanacheka.

Nyieka, kwa Kijaluo, ni mke mwenza. Lakini Absalom hana mke mwingine. Nyieka anayeulizwa ni mashua yenyewe, ambayo jina lake ni Anyango.

Hapa ufuoni watu wengi wamekua wakiambiwa kwamba mashua ni mwanamke. Ikimaliza kuchongwa, mwenyewe huipeleka majini kama anayepeleka bibi harusi nyumbani, na kuanzia siku hiyo imeolewa. Ndiyo maana mwanamke hakanyagi ndani ya mashua ya uvuvi. Mke mwenza atamwonea wivu, na samaki watakimbia.

Anyango aliolewa mwaka wa 1982. Aligusa maji jua likipanda, na mtoto wa kike anayezaliwa saa hizo huitwa hivyo. Benta anaikumbuka siku hiyo vizuri kuliko siku ya arusi yake mwenyewe.

"Mimi ndiye nilipika," anasema. "Jogoo, kuon, yaani ugali, kila kitu. Nikabaki nyumbani nikisikia watu wanaimba huko chini kwa maji. Hebu fikiria. Unapikia watu wa arusi, na bibi harusi mwenyewe huruhusiwi kumwona."

Anacheka. Ana miaka arobaini na mitatu, na akianza kueleza miaka ile ya mwanzo ya Anyango mikono yake huacha kazi.

Wakati huo mbuta alikuwa bado mgeni kwa watu. Wazee walimkataa. Walisema ni samaki aliyeletwa na serikali, hana ladha, ana mafuta kama nguruwe. Benta alijifunza kumpika kwa kukosea: alitia mafuta kwenye sufuria kama anayekaanga ngege, samaki asiye na mafuta, na mbuta akatoa mafuta yake mwenyewe mpaka yakamwagika motoni na kuunguza nyusi zake.

"Baadaye tukajua. Unaweka sufuria tupu, yeye anajikaanga," anasema. "Watoto walinenepa, wewe! Agneta wangu alikuwa na mashavu mpaka macho hayaonekani."

Absalom alikuwa akivua kwa mshipi pamoja na mdogo wake, Dishon. Mkubwa alishika mshipi, mdogo alishika kafi. Kulikuwa na siku walileta mbuta mmoja wa kubebwa na wanaume wawili, mti umepitishwa mdomoni, mkia ukiburuta mchangani. Waceke, mama mmoja mfanyabiashara kutoka upande wa Kiambu, alikuwa akija kutoka Kisumu kununua. Alikuwa akimtazama samaki kama huyo na kusema, "Huyu si wa kupimwa, huyu ni wa kusalimiwa."

"Samaki mmoja alilipa karo ya muhula mzima," Absalom anasema. "Na kichwa kilibaki nyumbani. Siku hizi ukipata shilingi mia sita kwa wiki, unamshukuru Mungu."

Siku hizi minofu inapanda lori lenye barafu na kwenda kiwandani. Kinachorudi bichi ni mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa yenye nyama kidogo. Huo ndio Lornah anaukaanga. Watoto waliozaliwa juzi wanadhani mbuta ana umbo hilo.

Kisha yakaja magugu maji. Yana maua mazuri ya zambarau, na mwanzoni watu waliyatazama tu. Upepo ukageuka yakaziba ufuo wote, mashua zikakaa nchi kavu majuma kwa majuma. Vijana wakaondoka mmoja mmoja. Mwaka jana Dishon naye akaenda Muhoroni kukata miwa.

Absalom alijaribu kuvua peke yake. Haiwezekani, na kila mtu hapa anajua sababu. Mbuta akishika ndoano hupanda juu, huruka na kutikisa kichwa. Mshipi ukilegea hata kidogo, anaitema. Lazima awepo mtu wa kugeuza mashua imfuate. Mwenye mshipi hana mkono wa tatu. Isitoshe, bega lake la kulia limeanza kukataa kupanda.

Mwezi wa pili Dishon akatuma neno kutoka Muhoroni. Alikuwa amepata mtu wa kununua Anyango ili abebee mchanga wa kujengea. Mashua waliichonga pamoja, kwa hiyo alikuwa na haki ya kusema. Kama kaka yake hana mtu wa kafi, alisema, ni bora iuzwe kabla haijapasuka juani.

"Mchanga!" Benta anasema. "Mashua ikibeba mchanga hairudi tena kwa samaki. Inakufa mgongo. Na sisi tungekula nini? Mimi sina shamba la kuitwa shamba."

Usiku huo hakumwambia mume wake kitu. Asubuhi akamwambia jambo moja tu: "Mimi najua kupiga kafi. Nilijifunza kwa baba yangu nikivuka mto."

Absalom akaenda kwa mwenyekiti wa bichi, Mzee Ochieng. Wanaume wakaitwa wakakaa kwenye mawe. Wengine walikasirika waziwazi. Mmoja alisema samaki waliobaki ni wachache, na sasa hao nao wafukuzwe kwa makusudi?

Absalom si mtu wa maneno mengi. Alingoja wamalize, kisha akauliza, "Mimi nilioa lini?"

"Sabini na sita," Mzee Ochieng akasema. "Mimi nilikula hiyo arusi."

"Na Anyango?"

"Themanini na mbili."

"Basi Benta ni mikayi, mke wa kwanza. Anyango ni mdogo wake. Mzee, tangu lini mikayi akafungiwa mlango wa nyumba ya mdogo wake?"

Watu wakatazamana. Mtu mmoja akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Lornah, aliyekuwa akisikiliza kutoka kwenye karai lake, anasema vicheko vilifika mpaka kwenye moto wake.

Mwishowe Mzee Ochieng alikubali, lakini kwa sharti. Mke mkubwa haingii kwa mdogo mikono mitupu, alisema. Kwa hiyo Benta alipika uji, akaushusha ufuoni kwenye kibuyu, akamwaga kidogo kwenye pua ya Anyango. Kisha akanywa uliobaki na kuingia.

"Nilimwambia, mdogo wangu, tumekaa miaka kumi na nne bila kuonana," anasema Benta. "Sasa tulishe huyu mzee wetu."

Safari ya kwanza iliharibika. Mbuta mkubwa alishika, akaruka hatua chache tu kutoka kwenye mashua, mdomo wazi kama debe. Benta alipiga kelele na kurudisha mashua nyuma. Mshipi ukalegea. Samaki akaenda.

Ufuoni hakuna aliyemsemesha. Hata Lornah aligeuza samaki wake kwenye mafuta kana kwamba hakuona. Benta anasema ukimya ule ulimuuma kuliko matusi.

"Nilimwambia Baba Agneta, auze tu. Yeye akasema Dishon alipoteza wengi kuliko huyo, isipokuwa Dishon hakuwa anatazamwa na bichi nzima."

Siku ya tatu walipata mmoja, mdogo. Wiki iliyofuata wakapata wawili. Samaki hawakukimbia, na ikawa vigumu kwa mtu yeyote kusema walikimbia huku wakiwa wamelala pale kwenye mizani. Mbuta wa ukubwa wa zamani hajaonekana tena, lakini moto wa nyumba haujazimika.

Jumapili iliyopita Dishon alikuja kutoka Muhoroni pamoja na yule mnunuzi. Waliikuta Anyango imevutwa ufuoni, mbao zake bado zina maji. Mnunuzi aliizunguka akigonga kwa kidole. Mzee Ochieng alimsogelea taratibu.

"Bwana, hiyo ni nyumba ya watu," akamwambia. "Unagonga bila hodi?"

Mnunuzi hakuelewa, lakini vicheko alivielewa. Akarudi zake barabarani kutafuta gari.

Dishon alibaki kula. Ni mtu mpole, na alikula akimtazama kaka yake akiinua kijiko kwa mkono wa kushoto.

"Kafi nimeona," akasema. "Lakini bega hilo halina mwaka. Likiisha, mshipi utashikwa na nani?"

Absalom akaosha mikono, akaenda kuutoa mshipi kwenye paa, akamwekea Benta magotini.

Tangu Jumatatu, uvuvi wa asubuhi ukiisha, wawili hao hubaki karibu na mawe wakiwa wamebadilishana nafasi. Benta hukaa mbele. Anajifunza kutofautisha mumi anayeogelea na mumi anayekimbia, na uzito wa jani la magugu na uzito wa mdomo. Bado hajapata kitu. Vidole vyake vimekatika mara kadhaa, maana anakataa tyubu. Anasema ikiwa imefungwa hasikii vizuri.

Anachotaka anakisema kwa ufupi. Kwenye mizani ya bichi, samaki huitwa kwa jina la aliyeshika mshipi. Kwa miaka yote hii wameitwa wa Oketch, jina la mume. Anataka kabla mwaka huu wa 1996 haujaisha karani asimame pale na kuita Benta, kwa sauti, wanaume wa bichi wakisikia. Baada ya hapo hakuna atakayeuliza mshipi utashikwa na nani, na Anyango atakaa hapa hapa.

Dishon alipokuwa akiaga alisema hataki kubishana na shemeji yake. Atakuja Krismasi aone mwenyewe.

"Karibu sana," Benta akamwambia. "Lakini huko Muhoroni utafute sufuria kubwa uje nayo. Hii yangu inatosha mgongo wazi tu."