Nyangumi Wangu

Juzi mjukuu wangu alikuwa anampiga picha kasa aliyekufa ufukweni Msimbati. "Bibi, sogea, unaingia kwenye picha!" Sikusogea.

Taabu yangu hii ya kuingia kwenye picha ilianza nina miaka tisa, mwaka aliofariki baba. Mwaka huohuo bahari ilimtupa nyangumi mfu mchangani palepale, ananuka mpaka machozi yanakutoka. Akaja mpiga picha kutoka Mikindani. Mimi nilidhani anayetokea kwenye picha ndiye mwenye mali, basi nikampanda nyangumi, mgongo unateleza kama sabuni.

"Shuka, we mtoto!" akafoka mpiga picha.

"Sishuki! Wangu huyu!"

Kamera ikalia, watu wakacheka. Mjomba akasema, "Haya, mama mwenye nyangumi, turuhusu basi tukate."

Nikawaruhusu. Fungu la kwanza la shahamu wakanipa mimi, kama mwenye mali kweli. Mama akaichemsha, mafuta tukawauzia wenye kupaka mashua zao, tukala, na fedha iliyobaki ikawa mtaji wetu.

Leo najua picha haimpi mtu mali. Lakini ile ilinipa. Nina nyumba Ufukoni, boti mbili, mashine ya kusaga, na pingili ya mgongo wa nyangumi yule. Ndiyo kiti changu.