Kwenda Kumfundisha Mzungu Kizungu

Mume wangu aliponiambia kuwa kuna kijiji huko Norwei, kaskazini kabisa, ambako wakati wa baridi jua halichomozi, na kwamba wanatafuta mwalimu wa Kiingereza na huenda wakamtaka yeye, mie nilimtazama tu. Kisha nikamuuliza kama hao watu ni Wazungu. Akasema ndiyo. Nikamuuliza, Wazungu gani hao wasiojua Kizungu? Akacheka, akanieleza kuwa Wazungu wana lugha zao mbalimbali, na Kiingereza kwao ni cha kusoma darasani, kama kilivyokuwa kwetu Unguja. Nikasema haya. Moyoni sikukubali hata kidogo. Waingereza wenyewe wako jirani nao, wanawaacha, wanakuja kuokota mwalimu huku Omani? Hapana, bwana. Pafukapo moshi pana moto.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Unguja tulishaiacha zamani, tukafikia Ibra, huku Omani, mji wa babu zake mume wangu, na yeye akapata kazi ya kusomesha Kiingereza skuli ya wavulana. Kazi aliiweza. Kiarabu ndicho kilichomtia aibu. Akikosea, watoto wanamwiga, na walimu wenzake walimwita Zinjibari, yaani mtu wa Unguja, kwa mzaha tu, lakini mzaha wa kila siku nao unachosha.

Habari ya kazi aliileta Mnorwei mmoja mchimbaji visima, aliyekuwa na mitambo yake njia ya Al Kamil. Mume wangu alikuwa akimtafsiria siku za mapumziko, wakaelewana. Ikawa kila Alkhamisi anakuja kwetu, anakula wali, anakunywa kahawa. Mimi sikupata kumwona uso. Yeye yuko majlisi, chumba cha wageni, mimi nyuma ya pazia; sahani zinapita, mimi sipiti. Ndiyo desturi, na sikuwa na neno nayo. Nilimjua kwa viatu vyake mlangoni, vikubwa kama mitumbwi.

Sasa nisikilizeni, maana wasiwasi wangu haukuwa wa bure. Mtoto alikuwa hajaja. Mawifi zangu walishaanza kumnong'oneza kaka yao kuwa sharia inamruhusu kuongeza mke, na kwamba Nizwa kuna binti wa watu wazuri. Yeye huwajibu inshallah, ile inshallah isiyo ndiyo wala siyo. Mara inazuka nchi ya mbali! Nikaanza kumchunguza. Alikwenda sokoni Matrah akarudi na fulana ya sufu. Moja. Anasoma ramani, mie nikiingia anaikunja. Nikimuuliza kama nami nitapata ruhusa ya kwenda, ananijibu mambo bado. Mambo bado!

Alkhamisi moja Mnorwei akaja na jibu kutoka kwao. Nikaketi nyuma ya pazia na birika la kahawa mkononi. Kwa hesabu yangu, mume wangu alidhani niko jikoni, na Kizungu nilichosomeshwa nikiwa msichana alidhani kimeshanitoka. Nilisikia kila neno. Yule mtu alisema kazi ni yake akitaka, na nyumba ya mwalimu iko tayari karibu na skuli, chumba kimoja na jiko.

"Itakufaa," akasema, "kwa sababu wewe huna mke."

Kosa nilijua limetoka wapi. Kwetu mwanamume mwenye haya hatamki "mke wangu" mbele ya mwanamume mgeni. Husema watu wa nyumbani. Watu wa nyumbani wamepika, watu wa nyumbani wanakusalimu. Mume wangu alikuwa akiyatia hayo hayo kwenye Kizungu, neno kwa neno, na Mzungu wa watu kakaa miezi yote akidhani huko ndani wamejazana mama, mashangazi na wajomba. Kosa la kuchekesha, na la kusahihishwa kwa neno moja. Nikalisubiri hilo neno. Nikasikia kikombe kinawekwa chini. Nikamsikia anakohoa. Neno halikuja.

Basi hasira zikanipanda. Haya nayo ina mpaka wake. Nikavuta kanga kichwani, nikainua pazia, nikaingia na birika langu. Wote wawili wakasimama. Nikammiminia mgeni kahawa. Nikamwambia kwa Kizungu changu cha darasani:

"Watu wa nyumbani ni mimi. Mimi peke yangu."

Mnorwei alinitazama, akamtazama mume wangu, akawa mwekundu mpaka masikioni. Maskini, yeye hakuwa na kosa. Akasema siku zote wali wangu ni mtamu, akaomba radhi, akaahidi kuuliza kama kuna nyumba ya watu wawili. Haikuwapo. Mume wangu akaikataa kazi mwenyewe, bila kulazimishwa, akaendelea kusomesha Ibra mpaka alipostaafu, na binti wa Nizwa akaolewa na mwingine. Mawifi walisema nimemroga. Mashoga zangu walisema nimeshinda.

Wao hawakuwapo siku ile mgeni alipoondoka. Nilimuuliza mume wangu kwa nini alinyamaza. Akasema aliona haya. Nikamwambia haya tunaijua sote, mie nataka ukweli. Akaanza kukusanya vikombe, kazi ambayo hajapata kuifanya tangu anioe, akasema bila ya kunitazama:

"Nilijua uko nyuma ya pazia, unasikia kila neno, nikawa nasubiri nione kama utatoka."

"Na kama nisingetoka?"

Akavichukua vikombe jikoni, na huko akavisuuza kimoja kimoja, polepole, mpaka nikachoka kumngoja.